Kwa nini picha ya HD huvunjika mpira unapokimbia

"Papa fundi, hii picha iko navunjika-vunjika. Parabole iko mubaya?"

Maneno haya nimeyasikia hapa Lubumbashi mtaa wa Katuba, nikayasikia Ruashi, nikayasikia hata kwa jirani yangu wa commune ya Kenya ambaye parabole yake, yaani dishi lake, ni pana kuliko mlango wa nyumba. Nayasikia kwa sababu Jumapili nyingine humsindikiza shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kupanda juu ya mabati na kufunga parabole. Jibu lake halibadiliki. Anashika telekomandi, anafungua menyu ya dekoda, anaonyesha mstari ulioandikwa "Qualité", yaani ubora, unasoma asilimia 92, kisha anasema: "Signal iko muzuri, mama." Mama mwenye nyumba haridhiki. Amenunua televisheni ya HD na dekoda ya HD, analipia chaneli ya HD, na bado kamera ikimfuata winga anayekimbia, nyasi za uwanja zinageuka uji.

Fundi hadanganyi, na mama naye ameona sawasawa. Wanazungumzia vitu viwili tofauti kwa neno moja, na katikati yao kuna kazi ambayo haionekani kabisa: kugandamiza picha ili ipite hewani.

Tuanze na HD yenyewe. Picha ya televisheni ni nukta nyingi zilizopangwa kwa mistari. Mafundi huziita pikseli. Picha kamili ya HD ina nukta 1,920 kwa upana na mistari 1,080 kwa kimo, jumla nukta 2,073,600. Ile ya zamani tuliyoizoea ilikuwa 720 kwa 576, yaani nukta 414,720. HD ni mara tano kamili. Maana ya neno hilo inakomea hapo. Linakuambia visanduku viko vingapi, haliambii vimewekwa nini ndani.

Sasa tuhesabu kwa kipimo ambacho kila mtu mjini anakijua, yaani mega. Nukta moja yenye rangi kamili huchukua baiti 3. Zidisha kwa nukta milioni mbili, kisha kwa picha 25 za kila sekunde, kwa sababu video ni picha zinazofuatana haraka. Unapata mega 155 na ushei kwa sekunde moja. Kifurushi cha mega 100 kingeisha kabla mwamuzi hajatoa filimbi mdomoni. Mechi ya dakika 90 ingekula giga 840.

Hakuna anayekuletea mzigo huo. Chaneli ya HD ya kawaida husafiri kwa megabiti 8 hivi kwa sekunde, na kwa kuwa biti 8 ni baiti 1, hiyo ni kama mega 1 tu. Mechi nzima inakuwa giga 5 na nusu. Kwa maneno mengine, katika kila biti 155 zilizotoka kwenye kamera, 154 zimeachwa njiani, na jicho lako linatakiwa lisigundue.

Kwa nini wasitume zaidi? Kwa sababu njia ni nyembamba na ni ya kukodi. Ukikaa asubuhi kwenye barabara ziingiazo Lubumbashi utawaona waendesha baiskeli wakisukuma magunia ya makala (ya kupikia, si ya kusoma). Baiskeli ina kikomo chake: ukiongeza gunia moja, tairi linapasuka. Njia moja ya setilaiti, ambayo huitwa transponda, hubeba megabiti 40 hadi 60 hivi kwa sekunde, kutegemea teknolojia na ukubwa wa parabole za wateja. Kukodi transponda ni ghali, kwa hiyo mwenye chaneli huketi na kalamu: nibebe chaneli tatu safi sana, au nane za kuridhisha? Uamuzi huo unafanywa ofisini, mbali na uwanja, na ndio unaoamua nyasi zako zitafananaje.

Balo na ndagala

Kugandamiza kuko kwa namna mbili. Balo la mitumba limebanwa kwa mashine mpaka likawa kama tofali, lakini ukikata kamba kila shati liko pale, na vifungo vyake vyote, limejikunja tu. Ndivyo faili za maandishi zinavyobanwa: zikifunguliwa, hakuna herufi iliyopotea. Halafu kuna ndagala mkavu. Ametolewa maji ili awe mwepesi na asafiri mbali. Ukimloweka anavimba, anapikika, anashiba mtu, lakini hawi tena yule samaki wa ziwani.

Televisheni ni ndagala. Kilichotolewa hakirudi. Ufundi wote ni kujua utoe nini ambacho mlaji hatakikosa.

Cha kwanza kutolewa ni rangi. Jicho la binadamu ni kali sana kwa mwanga na giza, lakini ni zembe kwa rangi. Basi mwanga wa kila nukta huhifadhiwa, ila nukta nne za jirani zinagawana rangi moja. Kwa hila hiyo peke yake nusu ya mzigo imeondoka, na karibu hakuna anayelalamika. Nasema karibu. Jezi ya TP Mazembe ni nyeusi na nyeupe, mwanga mtupu na giza tupu, hivyo milia yake haipotezi kitu hapa. Njano na buluu ya Saint-Éloi Lupopo ndiyo hulipa: pale rangi mbili zinapokutana, ukisogea karibu na kioo utaona ukingo umelegea kidogo. Mashabiki wa Lupopo wasinichukie, ni maumbile ya jicho. Maandishi membamba mekundu juu ya buluu huumia zaidi, na bado kuna watangazaji wanaoyapenda.

Cha pili kutolewa ni marudio, na hapa ndipo akili kubwa ilipo. Desemba 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, dunia ilimwona kipa Robert Kidiaba akikaa chini na kurukaruka kwa makalio. Fikiria unamsimulia tukio hilo kwa simu mtu aliyekwisha kuuona uwanja, na unités zako, yaani salio la simu, zinakaribia kwisha. Hutaanza upya na nguzo za goli, wavu na mabango. Utasema: "Kidiaba amesogea hatua moja mbele. Sasa yuko juu. Sasa chini." Mashine ya kugandamiza hufanya hivyohivyo. Inatuma picha moja nzima, kisha kwa picha zinazofuata inatuma tofauti tu: kipande hiki kimehamia pale, kile kimebaki, huyu amegeuka kidogo. Inaigawa picha katika miraba midogo, na kwa kila mraba inaulizia kama uliwahi kuonekana mahali fulani muda mfupi uliopita. Ukipatikana, inatosha kutaja ulikohamia.

Baada ya nusu sekunde, sekunde moja au zaidi, inatuma tena picha nzima, na mzunguko unaanza upya. Hapo utaelewa mambo mawili ya nyumbani. Unapobadili chaneli, kioo hukaa cheusi kidogo kwa sababu dekoda inangoja picha nzima inayofuata. Hawezi kuanza hadithi katikati mtu ambaye hakuuona uwanja. Na mvua kubwa ya Januari inapokula sehemu ya signal, miraba ya ajabu hubaki imeganda kwenye uso wa msomaji wa habari, kisha ghafla uso unakuwa safi. Picha nzima mpya imefika. Mwenye chaneli angeweza kutuma picha nzima mara nyingi zaidi ili usingoje, lakini picha nzima ni nzito, na kila moja inakula biti ambazo zingenoesha zile za kati.

Sasa rudi kwenye nyasi. Nyasi ni maelfu ya vitu vidogo vinavyofanana lakini havilingani. Kamera ikitulia, hakuna shida, zinatumwa mara moja. Kamera ikikimbia na winga, kila jani linabadilika: linafunikwa na ukungu wa mwendo, linapata mwanga mwingine, miraba mipya inaingia upande wa kulia. Mashine inatafuta marudio, haioni. Tofauti zimekuwa nyingi kuliko nafasi iliyopo. Hapo inafanya kitu pekee kinachobaki: inakata kwa ukali. Vijichora vidogo ndani ya kila mraba vinafutwa, linabaki baka la kijani. Uji ndio huo.

Si nyasi tu. Maji, moshi, karatasi zinazorushwa siku ya kombe, mashabiki wote kusimama kwa pamoja, taa za kamera za magazeti. Televisheni ya umma ya Sweden, SVT, ilirekodi vipande maalumu vya kujaribia mashine hizi, na vilivyopata umaarufu kwa mafundi ni umati wa watu ukikimbia na bata wakiruka kutoka majini. Bata hao wameziaibisha mashine nyingi. Mtu anayesoma habari akiwa ameketi mbele ya ukuta, kwa upande mwingine, anapendeza hata kwa megabiti chache, na ndiyo maana chaneli moja inaweza kuonekana ya kifahari saa mbili usiku na ya kutia huruma Jumapili alasiri.

Qualité ya nini?

Ule mstari wa asilimia 92 hupima jambo moja: je, biti zilizotumwa zimefika bila makosa? Hauna habari kama zilizotumwa zilitosha. Ni kama kuhesabu magunia getini: yalitumwa kumi, yamefika kumi. Kilichomo ndani hakihesabiwi.

Enzi za analogia mambo yalikuwa tofauti. Antena ikilegea, picha ilipata chengachenga, ukiipanga vizuri inasafika, na tukajifunza kwamba picha mbaya ni antena mbaya. Dijitali haina tabia hiyo. Biti zikifika, picha ni ileile kwako na kwa jirani mwenye parabole ya mita mbili. Zikipungua kiasi fulani, kila kitu kinavunjika au kinatoweka. Parabole kubwa inakusaidia siku ya mvua. Haiongezi hata jani moja la nyasi. Kebo ya HDMI ya bei kali vilevile: ikipitisha biti, imemaliza kazi yake. Nimeona watu wakitoa dola nyingi kwa kebo yenye ncha ya dhahabu, na sikupenda kuwa mimi wa kuwaambia.

Dalili zenyewe zinatofautika. Miraba mikubwa inayoruka, sauti inayokwaruza, kioo kinachoganda: huyo ni wa fundi, mwite apande juu. Picha laini iliyokosa makali kila mara mwendo unapoongezeka, mistari ya ngazi katika anga la jioni, vijidudu vinavyocheza pembeni mwa maandishi: hivyo vimetoka studio hivyo, na hakuna ngazi ya shemeji inayofika huko.

Kuna dalili ya tatu, na hapa kwetu ni ya kila siku. Tukio linarekodiwa kwa simu, linatumwa WhatsApp ambayo inaligandamiza, linapakuliwa na kuhaririwa, linagandamizwa tena, linarushwa na kituo, linagandamizwa mara ya mwisho. Aliyewahi kupeleka fotokopi ya fotokopi ya attestation, ile karatasi ya uthibitisho, anajua herufi zinavyokuwa. Kisha pembeni mwa kioo pameandikwa HD. Ni kweli, visanduku ni milioni mbili. Supu imeongezwa maji ijaze sufuria kubwa.

Kitenge kimoja, mishono miwili

Mabishano makubwa zaidi ya mafundi wa HD yamekuwa juu ya namna ya kukata kitambaa kilekile. Namna ya kwanza inatuma mistari 1,080 lakini kwa zamu: kwanza mistari ya witiri, halafu baada ya sehemu ya 50 ya sekunde, mistari ya shufwa. Kwenye maandishi utaona imeitwa 1080i. Namna ya pili, 720p, inatuma picha ndogo zaidi, nukta 1,280 kwa 720, lakini kila mara picha nzima, mara 50 kwa sekunde. Piga hesabu: ya kwanza ni nukta milioni 51.8 kwa sekunde, ya pili milioni 46.1. Karibu sawa. Mmoja ameshona gauni refu lisilo na mikono, mwingine fupi lenye mikono, kitenge kimoja.

Kutuma kwa zamu ni urithi wa miaka ya 1930, wakati nafasi ya hewani ilikuwa nyembamba na mirija ya televisheni za zamani ililimudu jambo hilo bila shida. Vioo vya leo ni bapa na huonyesha mistari yote kwa pamoja, kwa hiyo televisheni yako inalazimika kuzishona nusu mbili zilizopigwa nyakati tofauti. Kitu kikitulia, unapata makali yote ya mistari 1,080. Mpira ukikimbia, uko mahali pamoja katika mistari ya witiri na mahali pengine katika ya shufwa, na ukingo wake unatoa meno kama kitana. Televisheni nzuri hulificha hilo kwa ustadi. Zile za bei ya chini hazijui, na hapo milia ya Mazembe inaanza kutetemeka. Jambo la pili ambalo halionekani: mashine ya kugandamiza hupata taabu zaidi na nusu-picha kuliko picha nzima, hivyo kwa biti zilezile 720p mara nyingi hutoka safi zaidi kwenye michezo.

Ndiyo sababu Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulipendekeza 720p mwaka 2004, na ARD na ZDF za Ujerumani zikaifuata, kama vile ABC na ESPN za Marekani. BBC ya Uingereza, NBC na CBS zilichagua 1080i. Kwangu mimi, mpenda mpira, wa 720 walikuwa na hoja nzito. Lakini jaribu kumwuzia mteja "720" wakati jirani yake wa duka anauza "1080".

Halafu kuna suala la kugawana. Chaneli zilizo kwenye transponda moja hazipewi kila moja kipimo chake cha kudumu. Zinakula bukari, yaani ugali, kwenye sahani moja. Kila sehemu ndogo ya sekunde mashine inaangalia nani ana njaa: chaneli ya mpira inapata tonge kubwa, ile ya mahubiri inapata dogo, na wote wanashiba. Ni ubunifu mzuri sana, mpaka Jumamosi mechi tatu zinapoanza kwa wakati mmoja kwenye sahani ileile.

Lugha ya mkato na masikio ya zamani

Kanuni zote hizi za kubana na kufungua huitwa kodeki. Ichukulie kama lugha ya mkato ambayo studio na dekoda wamepatana. MPEG-2 ilitoka miaka ya 1990, H.264 mwaka 2003, HEVC mwaka 2013, VVC mwaka 2020, na kila moja imelenga kusema jambo lilelile kwa takriban nusu ya maneno ya iliyotangulia. Kwa hiyo kulinganisha megabiti za chaneli mbili bila kuuliza kodeki ni kazi bure: megabiti 8 za H.264 zinaweza kuipita MPEG-2 ya megabiti 12.

Gharama ya mkato ni kwamba msikilizaji lazima awe mjanja zaidi. Dekoda ya MPEG-2 ikipokea H.264 mara nyingi inatoa sauti na kioo cheusi, na fundi anaitwa kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Waingereza walioanza televisheni ya dijitali ya antena mwaka 1998 walijikuta na mamilioni ya masanduku ya MPEG-2 majumbani, na huwezi kubadili lugha wakati nusu ya mji haijaisoma. Nchi za SADC, yetu ikiwemo, zilichelewa, na zikachagua DVB-T2 pamoja na kizazi cha H.264 moja kwa moja. Kuchelewa nako kuna faida zake. Ila angalia: DVB-T2 ni barabara, H.264 ni namna ya kufunga mzigo. Televisheni iliyoletwa na kontena inaweza kuijua moja isiijue nyingine, na muuzaji akikujibu tu "iko na TNT, papa", yaani inapokea dijitali ya antena, uliza tena.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kanuni inafunga mikono ya dekoda tu. Anayegandamiza yuko huru kutafuta njia bora, mradi dekoda itaelewa. Hivyo mashine za studio huboreshwa kila mwaka bila wewe kununua kitu, na wahasibu wanalijua hilo. Mwaka 2009 BBC HD ilibadili mashine zake na papo hapo ikashusha kipimo kutoka megabiti 16 hadi 9.7 kwa sekunde, ikieleza kuwa mashine mpya hazihitaji nyingi. Watazamaji walilalamika kwa miezi. Sehemu ya malalamiko ilikuwa ya haki, nadhani: mashine bora inaweza kukupa picha bora kwa biti zilezile, au picha ileile kwa biti chache, na mtu akikuahidi zote mbili kwa siku moja, shika mfuko wako.

Limebaki swali la baa: kwa nini nyumba ya pili wanapiga kelele "Balishafunga!" wakati kwenu mpira bado uko katikati? Wengi wanailaumu setilaiti kwa umbali wake. Iko kilomita 36,000 juu, lakini mawimbi hupanda na kushuka kwa robo ya sekunde tu. Sekunde nyingine zinaliwa na kugandamiza. Mashine inataka kuziona picha zijazo kabla ya kugawa biti, kama mpishi anayetaka kujua wageni wangapi wako njiani kabla hajakata nyama. Ukiipa muda mrefu wa kutazama mbele, picha inapendeza na goli linachelewa. Ukiinyima, goli linawahi na nyasi zinaumia. Anayetazama kwa simu yuko nyuma zaidi, kwa kuwa video ya intaneti hukatwa vipande vya sekunde kadhaa na simu hungoja vipande kadhaa kabla ya kuanza. Anayewahi kuliko wote ni mzee mwenye redio ya FM, asiye na picha hata moja.

Kwa hiyo ukitaka kuipima chaneli kabla ya kulipia, usipimie kwenye tangazo lake wala kwenye uso wa mtangazaji. Bonyeza kitufe cha "info" uone kama ni 1080 au 720, kisha ungoja mechi. Kamera ikivutwa ghafla kutoka goli moja hadi la pili, usifuate mpira. Angalia nyasi zilizo nyuma yake, na uhesabu zinachukua muda gani kurudi kuwa nyasi.